Anza na Ila Yake

Mpwa wangu, ujumbe wako nimeupata, na picha ulizotuma nimezitazama moja moja, nikazikuza kwa vidole mpaka macho yakaniwasha. Kamera tatu za picha za papo kwa papo, zimetoka kwenye kontena la vyombo vya nyumbani vya Ulaya, nawe wauliza jambo moja tu: "Mjomba, niziuze bei gani?" Bei tutaifikia. Kwanza nimelisoma lile tangazo lako. Umeandika kwamba ni kamera za kale, orijino, zote zinafanya kazi. Hayo maneno ya mwisho umeyatoa wapi?

Nakuuliza kwa upendo, na nakuuliza kama mtu aliyekaa nyuma ya kamera kule Ngamiani, Tanga, tangu wewe hujazaliwa. Anayeuza kitu asichokijua humdanganya mnunuzi hata kama moyoni hana hila. Na wewe nakujua, hila huna. Una haraka.

Tuzichukue moja moja.

Ile inayong'aa, yenye ngozi ya kahawia, inayokunjika ikawa bapa kama kitabu, hiyo ni SX-70. Polaroid waliitoa mwaka 1972 kwa dola 180, pesa nyingi kwa wakati ule, na Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni, aliichomoa mfukoni mwa koti lake mbele ya wanahisa akaikunjua na kupiga picha hapo hapo. Kabla yake, picha za papo kwa papo zilitaka ubandue karatasi kwa mkono. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo picha hutoka yenyewe, ikajisafisha mbele ya macho yako, bila kubandua, bila takataka. Ni kitu kizuri, mwanangu, nasema kwa dhati. Lakini umeandika kwamba ni "chuma kitupu". Si chuma. Ni plastiki ngumu iliyopakwa kromu. Mnunuzi anayezijua kamera akisoma hapo atafunga ukurasa wako, kwa kuwa ukikosea mwili wa kitu, nani atakuamini ukimweleza habari za tumboni mwake?

Ile ya pili, nyeusi, yenye mvukuto unaovutwa mbele, nayo ni Polaroid, lakini ni ya ukoo wa kubandua. Hiyo naijua kama kiganja changu, maana ndugu zake ndio walionilisha. Unavuta karatasi kwa mkono, unahesabu sekunde, unabandua. Kampuni kubwa ya mwisho kutengeneza filamu zake kwa wingi ilikuwa Fujifilm, nayo iliacha mwaka 2016. Pakiti zinazouzwa leo nyingi ni mabaki yaliyopitwa na tarehe, na kila mwaka zinakauka zaidi. Kamera yako inaweza kuwa nzima kabisa, lakini chakula chake kimekwisha sokoni.

Ya tatu ni Kodak, na hapa ndipo nilipokunja uso. Kodak waliingia kwenye picha za papo kwa papo mwaka 1976. Mwaka huo huo Polaroid wakawashitaki kwa kuchukua uvumbuzi wao. Kesi ikaenda miaka na miaka, na Januari 1986 Kodak wakalazimika kuacha kabisa, kamera na filamu. Mwaka 1991 malipo yakafika dola milioni 925. Walioachwa na hasara ni waliokwisha kuzinunua zile kamera, maana filamu yake haikutengenezwa tena. Hiyo uliyonayo ni pambo la rafuni. Ukimwuzia mtu kama pambo, umemwuzia halali. Ukiandika "inafanya kazi", umekula pesa ya mtu.

Basi zako tatu ni hivi: moja inaweza kuwa hai, moja ina njaa, moja imekufa zamani. Nawe umeziweka kwenye tangazo moja na sentensi moja.

Sasa turudi kwenye swali langu. Umejuaje kwamba SX-70 inafanya kazi? Najua hukuijaribu, kwa sababu kamera hiyo haina betri yake. Betri imo ndani ya pakiti ya filamu, bapa kama kadi, chini ya zile karatasi. Bila pakiti yenye betri hai, kamera haitatikisika hata ukiibonyeza mpaka jua lizame. Ndiyo maana watu wengi wanazitupa wakidhani zimekufa, na wengine wanaapa kuwa ni nzima kwa sababu tu hazijavunjika. Wote wawili wanasema wasiyoyajua.

Nimeona kwenye picha yako ya nne kwamba ndani mmebaki pakiti ya zamani. Hiyo acha kuihangaikia, betri yake ilikwisha kufa. Polaroid wenyewe walitangaza kuacha kutengeneza filamu mwaka 2008, na picha hizi zingezikwa moja kwa moja kama si watu wachache waliochukua mitambo ya kiwanda cha Enschede, kule Uholanzi, wakishirikiana na wafanyakazi wa zamani wa hapo hapo. Kemikali za awali hazikuwa zikitengenezwa tena, ikabidi waitunge filamu upya, na mwaka 2010 wakaanza kuuza. Leo wanauza kwa jina lile lile la Polaroid. Filamu unayoitaka inatoka kwao.

Na hapo kuna mtego. Zipo pakiti za aina tatu zinazofanana kwa umbo. Ipo ya SX-70, ndiyo yako. Ipo ya 600, ambayo huona mwanga mara nne zaidi, ukiilazimisha kwenye kamera hii picha zinatoka nyeupe zimeungua. Na ipo iitwayo i-Type, ambayo ni nafuu kuliko zote, na unafuu wake umetokana na kuondolewa betri, kwa kuwa kamera mpya zina betri zake. Mnunuzi wako atakwenda kununua i-Type kwa sababu ni rahisi, ataitia, kamera itakaa kimya, naye atakupigia simu saa tano usiku akikuita tapeli. Utakuwa hukumwibia kitu, lakini utakuwa hukumwambia. Mwandikie aina ya filamu kwa herufi kubwa.

Nimeagiza pakiti moja ya SX-70 kwa kijana wa jirani anayerudi kutoka Uholanzi. Gharama ni yangu, usinirudishie. Mpaka ifike, hilo tangazo lishushe.

Najua utasema mjomba anazidisha. Sasa nikueleze jambo ambalo sijapata kumweleza hata mama yako.

Mwaka 1988 nilinunua kamera ya pasipoti ya mtumba hapo Dar es Salaam. Ilikuwa na lenzi nne, ukibonyeza mara moja unapata nyuso nne kwenye karatasi moja. Aliyeniuzia, jina lake na duka lake nayaacha, aliniambia ilikuwa ikitumika mpaka jana yake. Nilikuwa nimedunduliza muda mrefu. Niliipakata kwenye basi hadi Tanga, sikuiweka juu ya kariya wala chini ya kiti.

Asubuhi yake wakaja wazee watano waliokuwa wakishughulikia safari ya Hija, wakitaka picha wawahi kupeleka fomu. Nikawapanga, nikapiga, nikavuta karatasi, nikahesabu kwa saa ya ukutani. Joto la Tanga likizidi unapunguza sekunde, likipungua unaongeza, hayo nilikuwa nikiyajua. Nikabandua. Nyuso tatu safi kama maji ya kisima. Ya nne, ile ya kona ya chini kulia, imeliwa kuanzia kidevuni mpaka nusu ya shavu, mahali pamebaki peupe. Nikadhani ni bahati mbaya. Nikapiga tena. Kona ile ile. Dawa ya picha hubanwa na roli mbili ndogo za chuma na kutandazwa kama siagi kwenye mkate, na roli moja ya kamera yangu ilikuwa imelika upande. Ilikuwa imelika muda mrefu, haikulika kwenye basi.

Nilifanya kazi na kamera ile karibu miaka miwili. Kila karatasi nikipata nyuso tatu badala ya nne, na filamu nikiinunua kwa bei ya nyuso nne. Nilimlaani yule muuzaji kila kona ile ilipotoka nyeupe.

Halafu nikapata pesa ya kununua nyingine. Akaja kijana wa Pangani, umri wako hivi, anataka kuanza kazi. Akaniuliza, "Mzee, inatoa vizuri?" Mezani palikuwa na karatasi ya picha ya asubuhi ile. Ile kona mbovu nilikuwa nimekwisha kuikata kwa mkasi, nimeitupa. Nikamwonyesha nyuso tatu. Akazitazama, akatabasamu, akahesabu pesa.

Sikutamka uongo hata mmoja. Nimeliwaza jambo hilo usiku mwingi. Mkasi wangu ndio uliosema.

Chuoni tulisomeshwa habari za Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akaingiza mkono kwenye chungu ya nafaka, vidole vikakutana na majimaji, wakati juu pamekauka vizuri. Mwenye mali alisema ni mvua tu. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule umaji juu watu wauone. Niliisikia hadithi hiyo nikiwa mtoto wa miaka minane, na nikaielewa nikiwa mtu mzima mwenye mkasi mkononi.

Yule kijana hakurudi kunilaumu, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Angerudi akanitukana, tungemaliza. Baada ya mwaka na kitu nilikwenda Pangani kwenye maziko, nikaulizia. Nikaambiwa ameacha kazi ya picha, amevuka kwenda Unguja kutafuta kibarua. Kamera ilikuwa kwa baba yake mdogo, juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Nilitaka kuinunua tena, mzee akakataa, akasema si mali yake, mwenyewe akirudi ataitaka. Nikamwachia pesa, kadiri nilivyokisia kuwa ni thamani ya ile kona, nikamwomba amfikishie. Sijui kama ilimfikia.

Kwa hiyo nikikwambia "anza na ila yake", elewa maneno hayo yanatoka wapi. Ila ya kitu itangulie, sifa zifuate. Mnunuzi akisikia kasoro kwanza, kila sifa unayoitaja baadaye anaiamini. Akisikia sifa kumi halafu akagundua kasoro moja mwenyewe, zile kumi zote zinageuka uongo, pamoja na zilizokuwa za kweli.

Pakiti ikifika, tutaipima hivi. Kwanza fungua mlango wa mbele kwa kile kitufe kidogo cha pembeni, utaziona roli. Ziwe zimeng'aa. Zikiwa na uchafu mkavu wa njano, futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, uzizungushe polepole, usizikwaruze kwa kisu. Uchafu wa roli ndio unaoleta vidoa vinavyojirudia kwenye picha kwa umbali ule ule. Pili, ikunjue kwenye giza, uchungulie mvukuto wake kwa tochi ukitafuta matundu. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuharibu kila picha. Ukiikunjua, shika kile kibanda cha kuchungulia, uvute juu mpaka usikie kimekaa. Ukiikunja, sukuma kwanza ule mkono unaoshikilia, usitumie nguvu. Kamera nyingi za aina hii zimevunjwa na watu waliokuwa wakizionyesha kwa wateja.

Ukitia pakiti, kamera yenyewe iiteme ile karatasi nyeusi ya juu, kwa mlio wa mota. Ukisikia mlio huo na karatasi ikatoka yote bila kukwama, moyo wako utulie nusu. Halafu jaribu jicho la mwanga: piga ukiwa umeliziba kwa kidole, usikie kama inachelewa kufunga. Isipochelewa, jicho limekufa, na picha zote zitatoka giza au nyeupe. Kipimo hicho usikifanye kwa picha nzuri. Pakiti ikiisha usiitupe, betri yake huwa bado ina nguvu. Ukifungua mlango na kuufunga, kihesabu kinajirudisha, na unaweza kuizungusha kamera na pakiti tupu mbele ya mnunuzi bila kuharibu karatasi. Hilo nimelitumia sana.

Jambo la joto liandike pia, maana wauzaji wa Ulaya hawana haja ya kulitaja. Watengenezaji wanashauri filamu hii itumike kati ya nyuzi 13 na 28. Dar es Salaam mwezi Februari saa nane mchana hatuko huko. Ukipiga kwenye joto kali picha inageuka ya njano au inaona haya, inapata wekundu. Pakiti ikae kwenye friji, si kwenye sehemu ya barafu, itolewe saa moja kabla. Ipige asubuhi. Na ikitoka tu, ifunike isione mwanga, uiweke kifudifudi robo saa. Watu hupenda kuipepea hewani kama wanaipoza. Hiyo ni tabia ya enzi za kubandua, ambapo karatasi ilitoka imelowa. Hii imefungwa kila upande, kuipepea hakuisaidii kitu.

Na uandike kwamba haina flashi yake. Ilikuwa ikitiwa juu ufito wa taa kumi za kuungua mara moja. Mnunuzi asije akainunua kwa ajili ya harusi ya usiku.

Tangazo lako jipya nimekuandalia, ulirekebishe baada ya majaribio: "SX-70 ya Polaroid, ya kukunjwa. Ngozi imebanduka kona ya nyuma kushoto, kuna mkwaruzo juu ya kifuniko, tazama picha ya tatu. Mwili ni plastiki iliyopakwa kromu. Haina flashi. Imejaribiwa na pakiti mpya, picha za majaribio zinaambatana nayo, nzuri na mbaya. Hutumia filamu ya SX-70 pekee. Filamu huagizwa nje, na picha moja itakugharimu zaidi ya dola 2." Lile neno la mwisho usiliondoe. Rafiki zako wa Kariakoo watakwambia unamfukuza mteja. Anayefukuzwa na bei ya filamu alikuwa arudi wiki ijayo kudai pesa zake. Afukuzike mapema, hajatoa hata nauli.

Hapo ndipo penye bei. Usitazame bei wanazoomba watu, mtu anaweza kuomba chochote. Tazama kamera kama yako ziliuzwa kwa kiasi gani zikaondoka kweli. Utakuta tofauti kubwa sana kati ya ile ambayo haikujaribiwa na ile iliyosafishwa, ikapimwa, ikawa na picha za ushahidi. Tofauti hiyo ndiyo malipo ya kazi yako, na ni halali yako yote, usione haya kuiomba. Ya kubandua iuze kwa bei ya kamera isiyo na filamu. Ya Kodak iuze kwa bei ya pambo, na mtu akikuuliza filamu yake inapatikana wapi, mjibu kwamba haipo. Akiahirisha, mwache aahirishe.

Mengine unayajua kunishinda. Usiachie mzigo kwa kusoma ujumbe wa muamala, angalia salio lako kwanza. Ukituma kwa basi, kamera iwe imekunjwa, haina pakiti ndani, imefungwa kwa nguo za kutosha. Andika kila ulichouza kwenye daftari, ulisema nini na ulipokea nini. Mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo moja la historia nalitaja kwa sababu umeandika kwamba Polaroid ni "kampuni iliyoleta furaha duniani". Furaha ilileta, sikatai. Inasimuliwa kwamba wazo lote lilianza Santa Fe mwaka 1943, bintiye Land, mtoto wa miaka mitatu, alipomwuliza baba yake kwa nini hawezi kuiona picha papo hapo. Lakini mtambo wa ukoo mmoja na ule niliotumia kuwapiga mahujaji wa Tanga ulitumika Afrika Kusini kupiga picha za pasi, vile vitabu ambavyo mtu mweusi alitakiwa kutembea navyo katika nchi yake mwenyewe. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter, mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, waligundua na wakasimama kupinga. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977, ilipobainika kwamba wakala wa huko alikuwa akiiuzia serikali kwa siri, kampuni ikaondoka. Nilikuwa nimekwisha kupiga nyuso nyingi sana kabla sijayasikia haya. Sitaki uyaandike kwenye tangazo. Nataka uyajue, ili sifa unayoitoa iwe imepita kwanza kwenye maarifa.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike barua ndefu badala ya kukupigia simu. Kwenye picha yako ya sita nimeona mkoba wa kamera, na ndani yake zinachungulia picha mbili. Nimezikuza. Moja ni ya mama mzee bustanini, ameshika ndoo ya kumwagilia maua, uso umeelekea pembeni kama anayeitwa na mtu. Nyingine ni mtoto juu ya baiskeli. Kwenye ukingo mweupe wa chini wa ile ya kwanza kuna maandishi ya kalamu, "Oma, 1979". Nimeulizia, nikaambiwa kwa Kiholanzi na kwa Kijerumani ndivyo wanavyomwita bibi.

Umeandika: "Pamoja na mkoba na picha mbili za zamani, zawadi kwa mnunuzi." Mwanangu, zile si zako za kutoa zawadi. Picha yangu ya studio ilikuwa na negetivu kwenye bahasha. Ikipotea, mtu anarudi baada ya miaka kumi namtolea nyingine. Picha ya papo kwa papo haina pacha. Ilizaliwa peke yake ndani ya ule ukingo mweupe, na ikipotea hakuna mahali pengine pa kuitafuta. Huyo bibi siku ile bustanini yumo kwenye kipande hicho tu, na kipande hicho kimo mkobani mwako Kariakoo.

Mwulize mwenye kontena vyombo vile vilitoka nyumba gani, mji gani, vilikusanywa na nani. Huenda anayo karatasi ya mzigo. Ukipata anwani, nitatoa pesa ya stempu. Usipopata, zitoe mkobani, uziweke kwenye bahasha safi mbali na jua na mvuke, na usizirushe kwenye simu watu wazitazame. Mimi nina bahasha kama hizo sanduku zima, nyuso za watu waliolipa nusu wakaenda, na mpaka leo mara moja moja mtu hubisha hodi akiulizia ya mama yake.

Nitafika Dar Jumamosi ya wiki ijayo, pakiti ikiwa imenifikia. Ina picha nane. Ya kwanza tutapiga ukuta mweupe, tuone kama roli zinatandaza mpaka konani, na kona ya chini kulia nitaitazama mimi mwenyewe. Ya pili kitu cha karibu, ya tatu cha mbali. Ya nne na ya tano uwanjani kwenye mwanga, zimfuate mnunuzi hata zikitoka na doa. Kihesabu cha nyuma kitakusumbua, maana kamera hii ilitengenezwa wakati pakiti ilikuwa na picha kumi. Kitaanza na 10 na zote zikiisha kitasoma 2, na mnunuzi asiyeambiwa atadhani ameibiwa mbili. Mweleze.

Zitabaki tatu, na hizo nazitoa kwenye biashara. Mwambie mama yako avae ile leso yake ya buluu, akae kivulini pa mwembe mapema, saa moja na nusu, kabla joto halijapanda. Kalamu ya kuandikia ukingoni nitakuja nayo mimi.